Kutoka Kara's Flowers Hadi Maroon 5: Albamu Iliyopewa Muda

Bendi yetu hupiga kopi wikendi kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam, na katika orodha yetu zipo nyimbo tatu za Maroon 5, bendi ya Marekani, ambazo hazijawahi kung'oka. Mameneja wa hoteli wamebadilika, waimbaji wetu wameondoka na wengine wakaja, wageni ndio usiseme, lakini "This Love", "Sunday Morning" na "She Will Be Loved" zipo palepale. Mimi napiga besi. Ukipiga besi ya wimbo mmoja kwa miaka, unaacha kuusikia kama msikilizaji wa kawaida. Unaanza kuona ulivyojengwa: nani kaacha nafasi wapi, nani kamsubiri nani. Kila nilivyozidi kuzipiga hizi tatu ndivyo nilivyozidi kuhisi kwamba waliozitengeneza hawakuwa na haraka.

Kumbe haraka walishakuwa nayo, mapema kabisa, na iliwaponza. Habari ya kupaa kwa Maroon 5 huwa inasimuliwa kuanzia 2004, pale dunia nzima ilipowajua. Mimi naona sehemu yenye mafunzo kwa mtu wa bendi ni ile miaka kumi ya nyuma yake.

Tuanzie 1994, Los Angeles, kwenye shule ya kulipia iitwayo Brentwood School, upande wa magharibi wa jiji ambako wanaishi watu wenye uwezo. Wanafunzi wanne wanaunda bendi: Adam Levine anaimba na kupiga gitaa, Jesse Carmichael naye gitaa, Mickey Madden besi, Ryan Dusick drams. Wanajiita Kara's Flowers, jina la kwanza la bendi iliyokuja kuwa Maroon 5, kwa sababu ya msichana ambaye wote walikuwa wakimpenda. Septemba 1995 wanapanda jukwaani Whisky a Go Go, klabu ya Sunset Boulevard ambako The Doors walikuwa bendi ya ukumbi katika miaka ya 1960. Baadaye prodyuza mmoja anawasikia wakipiga kwenye sherehe ya ufukweni Malibu, na mambo yanakwenda mbio. Kabla hawajamaliza sekondari wana mkataba na Reprise, lebo (kampuni ya kutoa muziki) aliyoianzisha mwimbaji Frank Sinatra, iliyo chini ya Warner. Prodyuza wanayepewa ni Rob Cavallo, aliyewatengenezea bendi ya roki ya Green Day albamu ya Dookie. Wanaonekana hata kwenye tamthilia ya Beverly Hills, 90210, wakipiga wimbo wao.

Agosti 1997 albamu yao, The Fourth World, ikatoka. Ikauza nakala kama 5,000 hivi.

Nimeisikiliza mara nyingi, na siwezi kusema ni albamu mbovu. Ni vijana wanaojua kupiga. Magitaa yanang'aa, sauti zinapangwa kwa namna ya bendi za Uingereza za miaka ya 1960, viitikio vinashika. Shida ni kwamba ukizima redio huwezi kusema umemsikia nani. Kila kitu ndani yake umeshakisikia kwa mwingine aliyekifanya kabla yao, na Levine anaimba kwa sauti ambayo bado haijawa yake. Walikuwa na lebo kubwa, prodyuza mkubwa na sura za kuuza magazeti, ila kitu cha kusema walikuwa hawajakipata. Lebo nayo haikungoja. Singo ya kwanza, "Soap Disco", ilipogoma kushika, hamu ya ofisi ikaisha, na kufikia 1999 bendi ikawa haina mkataba.

Watu wanaoishi kwa muziki wanajua pahala hapo. Bendi nyingi huishia hapohapo. Hawagombani hata, mmoja anapata kazi, mwingine anarudi shule, vyombo vinakaa nyumbani kwa mtu. Na wao kweli walirudi shule. Madden na Dusick wakaenda chuo kikuu cha UCLA, palepale Los Angeles. Levine na Carmichael wakavuka nchi nzima kwenda Five Towns College, chuo cha muziki kilichopo Long Island, New York.

Hapo ndipo mimi naona bendi ilipozaliwa, ingawa hakuna wimbo uliorekodiwa wala mkataba uliosainiwa. Vijana wawili wa Kizungu kutoka mtaa wa kitajiri, waliolelewa na roki ya magitaa, walijikuta kwenye bweni ambalo muziki uliokuwa ukitoka vyumbani ni hip-hop, R&B na injili. Wakaanza kusikiliza. Levine amesema mara nyingi, katika mahojiano ya miaka tofauti, jinsi kipindi kile kilivyomgeuza: Aaliyah na prodyuza wake Timbaland, Missy Elliott, Jay-Z, na juu ya wote Stevie Wonder. Carmichael akaanza kuliweka gitaa pembeni na kukaa kwenye kinanda. Hilo la kinanda linaweza kuonekana dogo, lakini kwa sikio langu ndilo lililoamua mengi. Bendi yenye magitaa mawili inajaza kila nafasi. Bendi yenye gitaa moja na kinanda inalazimika kugawana.

Niseme hili wazi, kwa sababu kwenye makala nyingi hupitiwa juujuu: kilichowainua Maroon 5 walijifunza kwa wanamuziki Weusi wa Marekani. Uimbaji wa Levine wa sauti ya juu na nyembamba, mdundo unaokatwa badala ya kumwagwa, namna besi inavyoachiwa kuongoza, vyote vina wenyewe. Sisemi waliiba. Kujifunza kwa kusikiliza ndivyo muziki unavyotembea, hata dansi letu lilikula vya Kongo na vya Cuba likawa letu. Ila deni ni deni, na msikilizaji anayewapenda Maroon 5 bila kwenda kumsikiliza Stevie Wonder wa miaka ya 1970 amekula nusu ya chakula.

Sikiliza "Sunday Morning". Mzee wetu wa kinanda, aliyeanza kupiga kabla mimi sijazaliwa, alipousikia mara ya kwanza aliniambia, "Kijana, huu ni wimbo wa jazi umevaa jinzi." Akanionyesha. Wimbo karibu wote unazunguka kwenye kodi tatu tu, yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa pamoja: re ndogo, sol, kisha do, zikiwa na zile sauti za ziada zinazozilainisha. Huo ni mfuatano ambao kila mpiga jazi anaufahamu kabla hajafahamu kingine chochote. Unazunguka, unarudi, unazunguka, na kazi ya besi ni kuusukuma bila kuuharakisha. Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa najaza mno. Mzee akanizuia mkono, akaniambia nipige noti ya kwanza ya kila kodi, halafu ninyamaze hadi mtu aanze kunitafuta. Wimbo ukapumua papo hapo.

"This Love" ni kinyume chake. Kinanda na gitaa vinakata pamoja, vifupi vifupi, kwa ukali unaotoka moja kwa moja kwenye fanki, halafu kiitikio kinapofika gitaa linafunguka na kuwa roki kamili. Ndani ya wimbo mmoja kuna bweni la Long Island na kuna Kara's Flowers, na vyote viwili vinahitajiana. Ukipiga sehemu ya kwanza kwa ulegevu, kiitikio hakifunguki kitu.

Waliporudi Los Angeles wakaungana tena wote wanne, na mwaka 2001 wakamchukua mpiga gitaa James Valentine, mzaliwa wa Lincoln, Nebraska, aliyekuwa na bendi yake nyingine iitwayo Square. Levine sasa aliweza kusimama mbele kama muimbaji. Jina likabadilishwa kuwa Maroon, kisha Maroon 5, na maana yake hawajawahi kuitangaza hadharani hadi leo. Napenda kwamba kuna kitu wamekiweka kwao.

Lebo iliyowachukua safari hii ilikuwa ndogo: Octone, ya New York, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 2000. Mpango wa Octone ulikuwa wa aina yake. Wenyewe walikuwa huru, na wasanii wachache, lakini nyuma yao walikuwa na makubaliano na lebo kubwa, J Records ya Clive Davis: lebo ndogo imlee msanii, imtembeze, ijenge wasikilizaji mji kwa mji, na albamu ikishaonyesha kuwa inasimama, nguvu ya lebo kubwa iingie. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikata albamu baada ya wiki sita. Mpango wenyewe ulijengwa juu ya kungoja.

Kungoja hakukuwa na maana ya kubembeleza. Bendi ilipodhani imemaliza nyimbo, lebo ikasema bado, leteni nyingine. Levine alikasirika. Hasira hiyo ikawa "Harder to Breathe", wimbo ambao watu wengi hudhani ni wa mapenzi yaliyoharibika, na kumbe ulizaliwa na shinikizo la ofisi. Ukawa singo ya kwanza. Nyimbo nyingine nyingi za albamu ni za mapenzi kweli: alikuwa ameachana na msichana, na jina lake ndilo likaingia kwenye jina la albamu, Songs About Jane. Wakarekodi Rumbo Recorders, Los Angeles, na prodyuza Matt Wallace, aliyekuwa amefanya kazi na bendi ya roki ya Faith No More. Albamu ikatoka tarehe 25 Juni 2002.

Kisha kukawa kimya. Si kimya kabisa, lakini hakuna mlipuko wowote.

Inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu kwetu redio haifanyi kazi hivyo. Hapa mtangazaji mmoja anaweza kukupigia Bongo Fleva, akafuatisha Koffi Olomide, akamaliza na Mmarekani, na hakuna anayeshangaa. Redio za Marekani za wakati ule zilikuwa zimegawanywa kwa aina ya muziki na kwa aina ya msikilizaji: kituo cha roki mpya, kituo cha watu wazima wanaopenda nyimbo laini, kituo cha pop cha vijana, kituo cha R&B. Kila kimoja na chati yake. Wimbo wenye gitaa la roki, mdundo wa fanki na sauti ya soul hauna nyumba yake moja kwa moja. Wa roki watasema ni laini, wa R&B watasema ni wa roki. "Harder to Breathe" ilianzia kwa wa roki, ikahamia taratibu kwa wengine, na ilikuwa mwisho wa 2003 ndipo ikafika nafasi ya 18 kwenye Hot 100 ya Billboard, chati kuu ya nyimbo Marekani. Mwaka na miezi kadhaa baada ya albamu kutoka, ndiyo kwanza singo ya kwanza inafika kileleni mwake.

Wakati huo wote bendi ilikuwa barabarani. Walifungulia majina makubwa zaidi yao, miongoni mwao John Mayer, na kati ya ziara hizo walipiga klabu ndogo. Kwa mwanamuziki wa jukwaani kazi hii haina siri yoyote: unapakia, unasafiri, unapakua, unapima sauti, unapiga mbele ya watu waliokuja kumwona mtu mwingine, unapakia tena. Ukiwa bendi ya ufunguzi, hakuna anayekudai chochote na hakuna anayekudhamini. Lazima uwashike watu kabla hawajaenda kununua bia. Naamini kule ndiko nyimbo zilikokomazwa, maana rekodi zao za jukwaani za kipindi hicho zina makali ambayo studio haikuyanasa.

Mwaka 2004 mlango ukafunguka. "This Love" ikafika nafasi ya 5 Marekani na ya 3 Uingereza. "She Will Be Loved" nayo ikafika nafasi ya 5, na Australia ikashika namba moja. Albamu yenyewe, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka miwili, ndipo ikaingia kumi bora ya Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na kupanda hadi nafasi ya 6. Uingereza ikawa namba moja. Mwisho wa hesabu iliuza takriban nakala milioni 10 duniani. Kutoka 5,000.

Tarehe 13 Februari 2005 wakapokea Grammy ya msanii bora mpya. Mpya, miaka kumi na zaidi tangu Brentwood. Kati ya waliowania tuzo hiyo alikuwemo Kanye West wa hip-hop, aliyekuwa ametoa The College Dropout mwaka uliotangulia, na mpaka leo watu wanabishana kama tuzo ilikwenda kunakostahili. Kwa uzito wa kazi iliyobadilisha muziki, mimi ningempa Kanye. Nasema hivyo nikiwa nawapenda Maroon 5, na nikikumbuka kwamba walichopeleka jukwaani siku ile walijifunza kwa watu wa upande wa Kanye.

Lakini usiku ule mmoja wao alikuwa tayari anavunjika. Ryan Dusick, mpiga drams, mmoja wa wanne wa mwanzo, alikuwa amepiga onyesho baada ya onyesho kwa miaka mitatu karibu bila mapumziko, na mkono na bega vikaanza kumgomea. Maumivu, kisha misuli kutotii. Kwa mpiga drams hilo ni jambo la kutisha kuliko hata ugonjwa unaojulikana jina, kwa sababu kichwa kinajua cha kufanya na mwili unakataa. Bendi ikaanza kutumia wapigaji wengine jukwaani. Septemba 2006 ikatangazwa rasmi kwamba ameondoka, na Matt Flynn akachukua kiti.

Ninapofika hapa huwa nakaa kidogo. Katika nyimbo zote za ile albamu, anayepiga drams ni Dusick. Ule mpigo mkavu wa "This Love", ambao nausikia kichwani kila ninapoweka kidole kwenye uzi, ni wake. Mpango wa kungoja, ule ninaousifia, uliendeshwa kwa mwili wake. Albamu inayopanda polepole lazima mtu aibebe, na anayeibeba ni mwanamuziki, usiku baada ya usiku. Mtu wa ofisi hapandi basi la ziara. Dusick alipitia miaka migumu baada ya hapo, ikiwemo vita na pombe, kisha akasomea na kuwa mshauri wa afya ya akili. Nilipoijua habari yake nilianza kumwangalia kwa jicho jingine mpiga drams wetu, ambaye anapiga seti tatu kwa usiku, na nikaacha kabisa kumwambia aongeze mwendo kwa sababu meza fulani imechangamka.

Yaliyofuata yanajulikana, nami sitayakalia. Mwaka 2007 "Makes Me Wonder" iliruka kutoka nafasi ya 64 hadi namba moja kwa wiki moja, rekodi ya wakati huo, na ina besi ya disko ambayo naifurahia mno. Albamu ya 2010, iliyotengenezwa na prodyuza Mutt Lange, ilianza kwa ulegevu, na wengi wakadhani bendi imefika mwisho wake. Kisha Levine akakaa kwenye kiti cha ukocha cha shindano la The Voice mwaka 2011, "Moves like Jagger" waliyoshirikiana na Christina Aguilera ikashika namba moja, na bendi ikageuka kuwa kitu kingine: nyimbo zinaandikwa pamoja na watunzi wa nje, mashine zinafanya kazi ya mikono. Mwaka 2012 "One More Night" ilikaa namba moja wiki tisa na kumzuia Psy na "Gangnam Style" yake asipande juu ya namba mbili. Ni mafanikio makubwa kuliko yote ya 2004. Tunaipiga "Moves like Jagger" mgeni akiiomba. Ila bendi nzima ya watu watano siisikii humo, na nimeshindwa kujilazimisha niisikie.

Kilichonifurahisha katika miaka hiyo ya baadaye ni mtu mmoja. Mwaka 2010 walimwongeza PJ Morton kupiga kinanda na kuimba sauti za nyuma, na 2012, Carmichael alipopumzika, akawa mwanachama kamili. Morton anatoka New Orleans, ni mtoto wa askofu Paul S. Morton, ambaye mwenyewe ni muimbaji wa injili, na amekulia kwenye kinanda cha kanisa. Muziki uliokuwa ukivuja kutoka vyumba vya jirani kule bwenini Long Island ulikuwa sasa na mtu wake ndani ya bendi, na Carmichael aliporudi 2014 wakabaki wote wawili.

Ukitaka kusikia safari yote bila kusoma zaidi, fanya hivi. Weka "Soap Disco" ya 1997, yote, hata kama inakuchosha. Ikiisha tu, weka "This Love". Mpiga besi ni yuleyule Mickey Madden, mpiga drams ni yuleyule Dusick, na kati ya nyimbo hizo mbili ni miaka mitano tu. Sikiliza besi peke yake, tena kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, maana simu haiitoi. Katika ule wa kwanza Madden hatulii. Katika wa pili anapiga, anaacha, anapiga, na pale alipoacha ndipo Levine anapoingia kuimba.